Kaburi la Teofil Wieczorek

Alfajiri ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, bendi ya mgodi hupita mtaani kwetu ikiamsha watu, na enzi hizo mpiga tarumbeta wake alikuwa Teofil Wieczorek. Akifika chini ya dirisha letu alipuliza kwa nguvu makusudi, maana alijua mume wangu ni mzito wa kuamka. Mkewe, Elfryda, alimfokea kutoka dirisha la jirani: "We Teofil, wenye watoto wachanga wamekukosea nini?" Naye alivua kofia yake ya manyoya meusi, akamwinamia kama anayemsalimu malkia. Mtaa mzima ukacheka.

Mwaka mmoja, majira ya Kwaresima, moto ulishika chini mgodini. Waokoaji waliwatoa wenzake, Teofil hawakumfikia. Gesi ilizidi, ikabidi njia ya chini aliyokuwemo izibwe kwa ukuta ili moto ufe kwa kukosa hewa. Yeye akabaki upande wa pili wa ukuta. Elfryda alikuwa amesimama langoni na wanawake wengine. Msimamizi alitoka, akavua helmeti mbele yake.

Kwetu mtu anaweza kukosa misa mwaka mzima, ila Siku ya Watakatifu Wote, Novemba inapoanza, atakwenda makaburini tu. Watu husafiri kutoka mbali na ndoo za maua miguuni. Kaburi lisilo na mshumaa siku hiyo ni aibu ya ukoo. Sasa Elfryda mshumaa wake angeuweka wapi?

Mama mkwe wake, Gertruda, aliyekuwa akiishi naye, alijipatia jibu. Alisimamisha jiwe la kaburi lenye jina la mwanawe.

"Nenda ukalione," akamwambia. "Jiwe jeusi, zuri."

"Ndani mna nini, mama?"

"Unajua hamna kitu."

"Basi siendi. Siwezi kuupigia magoti udongo mtupu."

"Mwanangu lazima awe na mahali pake!"

"Anapo. Yuko chini ya miguu yetu. Tunamkanyaga tukienda kununua mkate."

Gertruda akamzaba kofi. Nilikuwepo, nimewapelekea keki, nikabaki nimeikumbatia sahani mlangoni kama mjinga.

Tangu hapo hawakuiva chungu kimoja. Kila Novemba Gertruda alikwenda kwenye jiwe lake. Elfryda aliwasha mshumaa penye msalaba mkubwa katikati ya makaburi, pamoja na wale ambao wafu wao wako mbali, waliobaki vitani au baharini. Kila mmoja akatoka kwa lango lake. Mkesha wa Krismasi, tunapomegeana kile kimkate chembamba cha kutakiana heri na kusameheana, nao walimegeana, kila mmoja chembe isiyojaza ukucha.

"Afya njema, mama."

"Na wewe."

Basi, wakakaa kula.

Miaka ikapita hivyo, hadi miguu ya Gertruda ikamshinda. Siku ya Watakatifu Wote mvua ilikuwa inanyesha. Tulirudi na Elfryda kutoka msalabani, tukamkuta bibi kizee ameketi ngazini, amevaa koti, kifungo kimeingia tundu la mwenziwe, mshumaa uko mapajani. Ameshindwa kushuka.

"Leo atakaa gizani," alisema huku analia. "Mwanangu atakaa gizani."

Elfryda alinyoosha mkono. "Nipe."

"Utautupa."

"Nipe, mama." Kisha kwa sauti ya chini, "Niambie liko wapi. Mimi silijui."

Gertruda akamweleza: pita bomba la maji, kata kushoto, tafuta mti wa mbetula, ule wenye gome jeupe. Tukarudi mvuani. Jiwe lilikuwa safi, pembeni limepandwa maua, na chini ya jina la Teofil palikuwa peupe, pamesuguliwa, hapana herufi hata moja. Elfryda alipapapasa. Mshumaa ulizimika mara kadhaa kabla haujashika.

Nyumbani alimwuliza, "Pale chini umejiachia wewe?"

"Mimi?" Gertruda akashangaa. "Mimi wanitupe popote. Pale ni pako. Mke hulala na mumewe."

Elfryda akaingia jikoni, akafunga mlango. Tulisikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu.

Gertruda hakuiona Pasaka. Elfryda akamzika pale penye jiwe, akaamuru jina lake lichongwe chini ya la mwanawe. Watu walimlaumu: "Na wewe je, utalala wapi?" Padri aliposoma majina yote mawili, Elfryda, ambaye hatukuwahi kumwona akimlilia mumewe mbele ya watu, aliangua kilio.

Siku hizi tunakwenda sote wawili. Mwaka jana tulikaa hadi giza likaingia, mishumaa ikawaka mlima mzima, watoto wa watu wakikimbizana kati ya makaburi na mama zao wakiwanyamazisha. Elfryda alikuwa akiokota majani makavu juu ya jiwe.

"Tungekuja pamoja," alisema. "Miaka yote ile, mimi na mama, tungekuja pamoja."

Nilimshika mkono, tukateremka polepole, maana njia ilikuwa inateleza.