Gloriose na Maswali ya Simu

Gloriose wa Kibingo alikuwa mwanamke wa kumeza maneno. Usimwone ametulia kwenye kilabu chake cha rubisi, pombe ya ndizi, akijaza vibuyu na kuchomeka mirija, ukadhani hana la kusema. Analo, tena tele. Ila aliletwa pale kuolewa kutoka Ihembe, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tangu Aimable, mumewe, afariki, kamba yenyewe alikuwa ameishika shemeji yake, Nsabimana.

Huyo Nsabimana hakuwahi kutamka kwamba anakitaka kibanja cha marehemu ndugu yake. Angetamka, watu wangejua pa kumkamatia. Kazi yake ilikuwa kupita asubuhi kati ya migomba, kupapasa mkungu huu na ule, kuchuma punje ya kahawa na kuitazama, kisha kusema, "Mambo ya ukoo tutayaongea, shemeji." Basi, anaondoka. Gloriose hakujaliwa mtoto wa kiume, ana binti yake Umutesi tu, na Umutesi yuko shule ya bweni. Kila akiyasikia maneno hayo alijibu, "Haya, shemeji," akaendelea kumenya ndizi.

Siku ya mambo yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua bado kali. Hanifu, mnunuzi wa ndizi kutoka Kayanga, alikuwa kwenye benchi anasubiri gari la kupakia mzigo. Yeye ni Mwislamu, rubisi haigusi, kwa hiyo Gloriose humwekea omuramba, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajachachuka. Ndiye aliyeleta balaa, na maskini hakukusudia. Kwenye simu yake kulikuwa na mchezo: unajibu maswali, halafu simu inakuambia kisiasa wewe ni mtu wa upande gani.

Uchaguzi wa vitongoji ulikuwa umekaribia, kwa hiyo wanywaji waliudaka mchezo huo kwa mikono miwili. Hanifu anasoma, mtu anajibu kwa sauti, kilabu kizima kinacheka. Mzee Adelard, fundi seremala, aliambiwa ni wa mrengo wa kushoto, akauliza kama kuna dawa.

Ikafika zamu ya Nsabimana, aliyekuja na mpambe wake, maana alikuwa anagombea uenyekiti wa kitongoji. Alijibu kwa sauti ya jukwaani. Lilipokuja swali la mjane, kwamba abaki na ardhi ya mumewe au ukoo uamue, hakufikiri hata kidogo.

"Ukoo," alisema. "Mwanamke ni mpita njia."

Simu ikamwambia yeye ni mhafidhina. Neno lilimpendeza. Kisha akamgeukia Gloriose taratibu. "Sasa muulize shemeji."

"Mimi siasa siijui, shemeji."

"Mchezo tu huu. Au una unachoficha?"

Hapo vicheko vikapungua. Watu wa kule wanajua kwamba neno lililotamkwa mbele ya wanywaji si la kufutwa kesho. Mahari hukubaliwa hivyo, na mipaka ya mashamba huonyeshwa hivyo. Gloriose alielewa mtego ulivyotegwa. Akisema "ukoo", keshokutwa Nsabimana atasimama kwenye baraza na kusema mwenyewe alikubali, na mashahidi hawa hapa. Akisema vingine, amemvunjia heshima mbele za watu, naye huenda kesho akawa mwenyekiti wake. Aliogopa, akachukua kibuyu kingine akaanza kukijaza.

Hanifu akaanza kusoma. La zahanati, la mifugo, la bei ya kahawa, yote Gloriose aliyajibu vilevile kama alivyojibu Nsabimana, neno kwa neno, macho yake kwenye kibuyu alichokuwa anakijaza. Nsabimana alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikiliza mtoto akikariri. Halafu Hanifu akaiinamisha simu. Alikuwa ameliona swali linalofuata.

"Hili tuliruke, mama," alisema.

"Soma," Nsabimana akasema.

Hanifu akasoma, sauti chini. Mjane abaki na ardhi, au ukoo uamue?

Gloriose alifikiria kusema hajasikia. Akafikiria kucheka. Akaifikiria ile migomba aliyoipanda na Aimable mvua ya kwanza ya ndoa yao, na Umutesi akirudi likizo bila kujua mlango upi abishe hodi.

"Abaki nayo," alisema.

"Hatukusikia," Nsabimana akasema.

"Abaki nayo. Ameilima, abaki nayo."

Simu ikamalizia hesabu zake mkononi mwa Hanifu, na hakuna aliyeuliza imesema nini. Gloriose alimpelekea shemeji yake kile kibuyu kilichojaa. Nsabimana hakukipokea.

"Onja kwanza," akamwambia.

Jamani, kuna matusi na matusi. Mgeni usiyemjua ndiye unayemwonjea pombe, ajue haina sumu. Ndugu haonjewi. Kumwambia hivyo mke wa marehemu ndugu yako, ambaye umekunywa mkononi mwake miaka yote, ni kumwita mchawi mchana kweupe. Na mjane akishaitwa hivyo, watu huanza kuulizana mumewe aliugua nini. Mzee Adelard aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza hasira ya Gloriose ikaishinda hofu.

Alivuta mrija, akavuta tena, akameza huku wote wanamtazama koo. Akakiweka kibuyu chini, miguuni pa Nsabimana.

"Nimeonja," alisema. Kisha akawageukia wanywaji. "Na ninyi, mmesikia nilivyojibu?"

Barabarani gari la ndizi lilipiga honi, Hanifu hakuinuka.

"Nauliza mmesikia? Maana kesho nitaulizwa mashahidi wangu ni nani."

Mzee Adelard alikohoa. "Nimesikia, mama."

"Nimesikia," Hanifu akasema.

Mmoja kwenye benchi la nyuma akasema amesikia, na mwingine, halafu hata yule aliyekuja pamoja na Nsabimana akasema hivyo hivyo, macho chini. Nsabimana alisimama, akavaa kofia yake, akatoka kupitia katikati ya kibanja cha Gloriose, na safari hii hakugusa mkungu wowote.