Rebeka, Mlinzi wa Jua la Nanyamba

Rebeka Mwasandube alizaliwa Tukuyu, kule ambako nguo huanikwa kwa imani tu, maana mvua haipigi hodi. Aliolewa na Mwalimu Elia, na mwaka tisini na tatu Elia akahamishiwa shule ya msingi Nanyamba. Kilichomshangaza Rebeka huku Kusini hakikuwa korosho wala Kimakonde. Ni kufua asubuhi na kuivaa nguo ileile mchana. Wiki ya kwanza alifua mpaka mapazia yaliyokuwa safi.

Alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa wa hatari kwa sababu uso wake haukucheka. Aliwahi kumweleza mwalimu mgeni kwamba kwa watu wa hapa, ukikaribishwa chakula lazima ukatae kwanza, ukatae tena, ndipo ule. Yule bwana alikataa alivyoelekezwa, wenyeji wakamwamini, akalala na njaa nyumba tatu mfululizo kabla hajashtuka.

Mwaka 2004 lilifika gari jeupe. Ndani yake alikuwamo Kelvin, injinia kijana kutoka Dar es Salaam, aliyetumwa na kampuni iliyotaka kujenga kituo kikubwa cha umeme wa jua. Alisema paneli zitatandazwa kama shamba, kuanzia nyuma ya shule hadi kwenye mikorosho ya mwisho, na umeme wake utafika mpaka Mtwara mjini. Ila kwanza ilibidi jua la Nanyamba lipimwe mwaka mzima, ijulikane lina nguvu kiasi gani. Basi wakasimika nguzo kwenye uwanja wazi karibu na nyumba za walimu, na juu yake wakafunga kipimo: sahani nyeupe yenye kuba la kioo katikati. Rebeka akapewa kazi ya kulifuta vumbi kila asubuhi na kufukuza kunguru.

Uwanja ule ulikuwa na mwenyewe, kwa mazoea ingawa si kwa hati. Mzee Rashidi Nampunju, jirani yao, ndipo alipokuwa akianika makopa yake ya mihogo kila kiangazi. Alikuja akamkuta Rebeka, ambaye majirani walimwita Mama Amani kwa jina la mwanawe, akasimama mbele ya nguzo, mikono nyuma.

"Mama Amani, hiki kibakuli kinafanya nini?"

"Shikamoo, mzee. Kinapima jua."

"Marahaba. Likishapimwa?"

"Litauzwa."

"Na sisi tunaoanika?"

"Anayeanika atatozwa," Rebeka alisema, akiendelea kufuta kioo. "Si sana. Makopa kidogo, ufuta kidogo. Nguo za watoto nadhani ni bure."

Alitegemea mzee acheke. Mzee akaaga kwa adabu, akaondoka.

Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu. Keshokutwa vilevile. Rebeka alipokwenda kuchota maji aliona mihogo imeanikwa chini ya vitanda, chini ya mapaa ya jiko, na kwa Esta, mke wa mchungaji, ndani ya kanisa. Harufu ya uvundo ilikwisha kuanza. Ikambidi azunguke nyumba kwa nyumba akieleza kwamba ulikuwa utani, na kadiri alivyoeleza kwa uso wake ule, ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba serikali imemtuma awatulize. Ni Elia aliyewatoa wasiwasi, aliposimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema, "Jamani, huyu ni mke wangu, mimi mwenyewe simwamini." Watu wakacheka. Makopa yakatoka nje. Mzee Rashidi peke yake hakucheka.

Ikapita miezi. Kelvin alikuwa akija kuchukua takwimu kwa kompyuta, anaondoka ameridhika. Siku moja akabaki ameinamia kompyuta muda mrefu, kisha akamwita Rebeka.

"Mama, hapa kwenu Alhamisi kunakuwaje?"

"Kama siku nyingine, injinia."

"Hapana. Kila Alhamisi jua linazama saa tano asubuhi, halafu linachomoza tena saa tisa. Wakubwa wangu wananiuliza Nanyamba iko dunia gani."

Rebeka alijua hakuna wingu lenye nidhamu namna hiyo. Alijua pia kwamba Alhamisi ndiyo siku anayokwenda mnadani. Akamwomba tu Kelvin angoje hadi keshokutwa, ambayo ilikuwa Alhamisi.

Siku hiyo Rebeka akajitwisha kapu lake la mnadani kama kawaida, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia jikoni alikokuwa amejificha Kelvin. Wakachungulia dirishani. Haukupita muda, Mzee Rashidi akatokea kibarazani kwake na kofia yake ya mkono, mbichi, imelowa wanga. Akaja mpaka kwenye nguzo, akaivisha juu ya kile kioo, akainyoosha pembeni kwa vidole taratibu, akarudi nyuma hatua chache kuitazama kama fundi anayeitazama kazi yake.

Kelvin alitoka mbio. "Mzee, unajua hicho ni kitu gani?"

"Najua, mwanangu. Ni kichwa." Mzee hakuonyesha kushtuka. "Kofia ya Ijumaa ukiianika juu ya kamba inajikunja. Hiki kimekaa sawasawa."

"Lakini umetuharibia vipimo."

Mzee akamgeukia Rebeka, aliyekuwa amefika nyuma na kapu lake tupu. "Mama Amani aliniambia jua litauzwa. Nikaona bora nitumie langu kabla bei haijapangwa."

Hapo Rebeka, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Nanyamba, akacheka mbele za watu. Alikaa chini kwenye vumbi, kanga imemfunika uso, mabega yakitikisika. Kelvin alijaribu kukasirika akashindwa. Alimsimikia mzee nguzo nyingine pembeni, akaweka juu yake bakuli la plastiki lililopinduliwa.

Kituo chenyewe hakikujengwa. Gesi ya Msimbati ilianza kuzalisha umeme, na kampuni ya Kelvin ikaona hapana haja. Alipokuja kung'oa nguzo alimwachia Rebeka paneli moja ndogo na betri ya gari. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeingia na umeme wa kuzichaji haukuwepo, kwa hiyo kibaraza cha Rebeka kikajaa simu za kijiji kizima. Zikiita, alizipokea. "Mwenyewe hayupo," alikuwa akisema, "simu yake inakula jua."

Jumamosi moja iliita simu ya Mzee Rashidi. Alikuwa mkwewe, mume wa bintiye Zuhura, anapiga kutoka Magomeni, Mtwara. Jioni mzee alipoifuata, Rebeka alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Imejaa," alisema. "Na humo ndani mna wajukuu wawili. Zuhura amejifungua salama."

Mzee alimtazama usoni kwa muda, akiutafuta utani. "Mama Amani, unaapa?"

"Naapa."

Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, simu mkononi, akamwomba ampigie mkwewe, kwa sababu yeye alikuwa hajui kubonyeza.