Shida Inasemwa Paredi

Ambroise ni mtu wa Bukavu, mpole hadi anaudhi. Kampuni yetu ya ulinzi hapa Kansanga ina askari wengi na mtu mmoja tu wa kompyuta, naye ndiye huyo. Kamera ikizima, Ambroise. Simu ya bosi ikijaa picha za wajukuu, Ambroise. Mimi nakaa naye chumba kimoja nikipokea redio za askari walioko malindoni, na kwa muda mrefu nilimwona akitafuna muhogo mchana huku akisema ameshiba. Ameshiba wapi! Yeye, mkewe Benedicte na watoto walikuwa wakilala sebuleni kwa kaka yake kule Kyebando, na shemeji alikuwa ameanza kugongagonga sufuria alfajiri ili waondoke kwenye mikeka.

"Nenda ukaombe nyongeza," nikamwambia. Mimi ni Mkenya wa Busia, mambo ya kuzungukazunguka siyawezi. "Hata ya kukodi vyumba viwili tu."

"Dada Moreen, kuomba nako ni kazi," akasema. Lakini alikwenda.

Bosi wetu ni mwanajeshi mstaafu. Tunamwita Afande, na kila Jumatatu asubuhi anawapanga askari uani, paredi kamili, anakagua viatu, kisha anauliza, "Nani ana shida?" Mwenye shida anatoka mbele, anaisema kila mtu asikie, na jibu analipata papo hapo. Afande anajivunia sana utaratibu huo. Anasema kwake hakuna siri. Basi Ambroise alipoingia ofisini mwake, hata kiti hakuonyeshwa. "Hapa shida inasemwa paredi," Afande akamwambia. "Wewe ni nani, usiseme paredi?"

Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka. Aliponisimulia nilielewa mara moja, hasira ikanipanda. Askari wanapata theluthi ya mshahara wake. Nani mwenye haya angesimama mbele yao aseme haumtoshi? Afande alijua hilo, na ndiyo maana alimpeleka huko.

Nilidhani ameacha. Kumbe hapana. Jumatatu alitoka mbele, mikono imebanwa mapajani kama askari kweli, nami nikawa dirishani natazama.

"Afande, niko na shida ya mshahara. Naomba uniongezee."

"Waambie hawa unapata ngapi."

Akataja. Ua mzima ukaguna.

"Nani hapa anapata hiyo?" Afande akauliza, tabasamu limemjaa. "Haya. Nani anataka huyu aongezewe? Nyosha mkono."

Nilifumba macho, kwa kweli. Nilipofumbua, mkono mmoja ulikuwa juu. Ulikuwa wa mama Amito, mlinzi wa usiku kwenye lango la ghala moja, mwanamke wa Gulu asiyecheka ovyo.

"Wewe, sababu gani?" Afande akamuuliza.

"Afande, ukimnyima huyu, sisi wa chini tutaanzia wapi? Mpe. Halafu na sisi tutakuja."

Mkono wa pili ukapanda, na wa tatu, mwishowe nikashindwa kuhesabu. Afande alikuwa ameuliza mwenyewe, mbele ya watu wake wote; angerudi nyuma vipi? Ambroise akaongezewa. Nilifurahi utadhani ni mimi. Mwisho wa mwezi Benedicte akanipigia simu: wamehamia vyumba viwili, palepale Kyebando, na mtoto mdogo ameshinda kutwa akifungua na kufunga mlango wa chumba chao.

Ila nyongeza ilikuja na kazi. Afande alisema paredi inakula muda, kuanzia sasa askari watume shida zao kwa simu, na Ambroise atengeneze njia. Akaitengeneza, tena vizuri. Askari anaandika shida yake, inaingia kwa Afande, na Afande akiifungua inawekwa alama ya kijani. Jumatatu iliyofuata, Afande alikagua viatu akawaruhusu waende zao. Hakuuliza kitu.

Wiki zikapita. Siku moja nikachungulia kioo cha kompyuta ya Ambroise. Shida za askari zilikuwa zimejipanga kutoka juu hadi chini, na kijani hakukuwa na hata kimoja. Ya mama Amito ndiyo iliyotangulia zote.

"Hajafungua hata hii?" nikauliza.

"Hajafungua."

"Si umkumbushe basi, wewe una mdomo wa nini?"

"Nilimkumbusha, dada. Akaniuliza kama mshahara mpya unanitosha."

Nilikuwa na hasira na Afande, nikawa na hasira na Ambroise pia, halafu nikafikiria ule mlango wa watoto, nikarudi kwenye redio zangu.

Jioni mama Amito alipita mlangoni petu kuchukua redio ya zamu. Akavua kofia.

"Mwanangu, ile shida yangu ilifika?"

Ambroise alimtazama. Nilimwona akitafuta neno, na jinsi nilivyotamani alipate.

"Ilifika, mama."

"Asante. Basi nangoja," akasema, akachukua redio yake akaenda langoni.