Leso Tuliyoifanya Bendera

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na wala usinicheke, niliyoliacha shamba la mpunga likaliwa na ndege kwa kuwa nilikuwa naongoza gwaride.

Uhuru ulikuwa haujatimiza hata mwezi, na sisi watoto wa huku Msambweni hatukuwa na mchezo mwengine ila kupandisha bendera. Mpunga wa nyanya yangu, Mwanasha, ulikuwa umeiva, nao ndio uliongojewa kupikwa katika harusi ya shangazi. Mimi na ndugu zangu wawili, wana wa ami, kazi yetu ilikuwa kuamia: kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, tangu alfajiri, kuvuta kamba za makopo na kupiga kelele ndege wasitue. Katikati ya shamba nyanya alikuwa amesimamisha sanamu la miti, akalivisha leso yake kuukuu, nyekundu.

Mimi, kwa utundu wangu, nikaivua ile leso. Nikaifunga kwenye ufito, tukatoka hadi njiani kupiga gwaride. Wallahi lilikuwa gwaride zuri! Tulipogeuka nyuma, ndege walikuwa wametanda upande mzima wa bonde, wanaila harusi ya shangazi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyanya alikuja na bakora. Nilimwamkia shikamoo. Akautazama mpunga, akaitazama bendera yetu, kisha akaiweka bakora chini.

"Kucheza sikukatazi, mjukuu wangu," akasema. "Lakini gwaride lako lipitishe shambani."

Basi tukavizunguka vijia vya mpunga siku ile na kila siku mpaka mavuno, leso juu, makopo yakilia, na nyanya mwenyewe nyuma yetu akipiga vigelegele. Hakuna ndege aliyethubutu kutua. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Siku ya harusi nyanya alinipakulia pilau, sahani ikajaa. Halafu, mbele ya watu, akapunguza kijiko kimoja akakirudisha sufuriani.

"Hiki walishakila wageni wako," akasema.

Watu walicheka hadi machozi, nami nikacheka nao, lakini kijiko kile nakitamani mpaka leo.

Kwa hiyo cheza, mwanangu. Sitaki uwe mtu wa kununa kazini. Ila furaha yako iingize ndani ya kazi uliyoaminiwa, usiiache kazi ukaifuata furaha njiani. Mola akujaalie shamba la kulinda na wenzako wa kuimba nao, na sahani yako isipunguzwe hata kijiko.