Uzio wa Dorotea

Pale Mkolani ukitaka mche wa maua unamtafuta Dorotea. Anauza kando ya barabara, bogenvilia na waridi kwenye viriba. Na mdomo anao! Ukinunua tu, utahubiriwa: "Usikatekate kila wiki, utabaki na majani matupu."

Kumbe kwake hakuna hata ua moja. Uzio wake wote ni duranta, kichaka cha maua ya zambarau yanayozaa vitunda vya njano, vishada kwa vishada. Vipandikizi alivitoa Bujora kwa marehemu mama yake, kabla kiwanja hakijauzwa na kila kitu kung'olewa. Alitaka kuviona tena vile vitunda, basi. Lakini mumewe Mihayo, tangu astaafu kazi ya kivuko, kila Jumamosi anavuta kamba, anashika mkasi, ananyoosha uzio kama ukuta. Wapita njia wanamsifu, naye kifua mbele. Kisha anamtania mkewe: "Mama Sabina, kichaka chako hiki tasa kabisa!"

Jamani! Akate vikonyo vyote vya maua yeye, halafu aseme tasa! Dorotea haogopi mteja wala mgambo, ila hapo alinyamaza. Aliona mzee hana fahari nyingine.

Jumamosi moja mteja alimfuata nyumbani. Huku mkasi wa Mihayo unalia nyuma yake, Dorotea akaanza kumhubiria mteja: "Ukikata kila wiki, hupati ua wala kitunda."

Mkasi ukanyamaza. "Mama Sabina, kumbe ni mimi?"

"Ni wewe, baba. Nilitaka kuviona, kama kwa mama." Machozi yakamtoka mbele ya mteja, akaona aibu.

Mihayo akaufungia mkasi stoo. Mvua zikanyesha, uzio ukavimba, matawi yakatokeza hadi njiani. Jirani yao Yeremia akapita. "Vipi mzee, nguvu zimekwisha? Pamekuwa pori hapa!"

Ilimuuma Mihayo, ikamuuma kweli. Akajikaza. "Hicho kichaka ni cha mama mkwe. Wewe unaweza kumshikia mkasi mama mkwe wako?"

"Aka! Mimi hata kumtazama usoni siwezi," Yeremia akacheka, akaenda zake.

Vitunda vilipoiva, Mihayo ndiye aliyeviona kwanza. Alimwita mkewe kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Dorotea akatoka na unga mikononi, akavishika vile vishada, akacheka na kulia kwa pamoja. Mihayo alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, macho chini, kama mkwe aliyekuja kusalimia.