Misuko Mitatu ya Mtihani

Nilipoingia chuo cha wananchi kusomea ususi na urembo, wasichana walinipokea kwa adabu zote. "Shikamoo bibi, umemleta mjukuu?" Niliwaonyesha daftari langu jipya. Mmoja akanisogezea kiti.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiosha maiti za wanawake hapa Kanyenye, na Mungu amenijalia mikono mepesi. Lakini wanawake wanaojistiri hawakuwa na pa kusukia pasipo wanaume kupitisha macho. Nilitaka kuwafungulia chumba chenye pazia nyumbani kwangu. Kibali kilitaka cheti, na cheti kilitaka nifaulu mtihani wa vitendo.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa rika la mjukuu wangu, mwenye kucha ndefu kiasi kwamba kushika chaki kulimpa taabu. Siku ya kwanza alitufundisha kwamba uso aliotuumba nao Mungu ni mahali pa kuanzia tu. Nilishukuru kwamba angalau pa kuanzia pamekubalika. Wiki ya tatu tulijifunza kunyoa nyusi zote, kisha kuzichora upya palepale zilipokuwa. Nilivumilia.

"Bibi, tatizo lako huongei," alinilalamikia. "Mteja anapigwa stori. Mteja haachwi kimya."

Nilijitahidi. Lakini kazi yangu ya zamani haina maongezi, na wateja wake hawajawahi kulalamika.

Siku ya mtihani kila mmoja alikuja na mtu wa kumsuka. Mimi nilikuja na jirani yangu, muuza dagaa. Mwaka juzi nilimwosha marehemu mama yake, naye ndiye aliyekuwa akinimiminia maji. Nikamlaza kwenye sinki, nikasema bismillahi, nikaanza upande wa kulia, nikaosha mara tatu. Kisha nikamketisha, nikamkausha na kumchana, naye akasinzia. Mikono ikaendelea yenyewe: msuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote nikailaza nyuma. Ndivyo tunavyomsuka mwanamke kabla ya kumvisha sanda.

Jirani akazinduka, akajipapasa kichwa, akahesabu.

"Mama weee! Mimi bado mzima!"

Akaruka na taulo shingoni mpaka nje.

"Huu siyo mtindo wa twende kilioni," alisema msichana mmoja wa Igalula, akijishika mbavu. "Huu ni tumeshazika!"

Darasa zima likaangua kicheko, isipokuwa mtahini, mama mtu mzima aliyeletwa kutoka chuo kingine. Aliniambia kwamba bila kichwa hakuna maksi. Nikawatazama wenzangu. Kila shingo ikaingia mabegani. Nikaweka kitana mezani na kuanza kukusanya vitu vyangu.

Mtahini akavua wigi lake, akaketi penye sinki.

"Nioshe. Lakini uongee, mama. Ukinyamaza tu, naondoka."

Basi nikaongea. Nilimuuliza kama maji ni ya moto mno, kama watoto hawajambo, kama mvua zimeanza kwao. Nikamsimulia mahari yangu, mashamba ya Ntalikwa na ugomvi wa mawifi zangu. Nilipovuta pumzi tu, akashtuka: "Mbona kimya?" Nikamsuka misuko saba, kwa usalama wake na wangu.

Alhamdulillahi, nilifaulu. Kwenye fomu aliandika: "Mikono mizuri. Anaongea mno."

Pazia limeshatundikwa nyumbani kwangu, na jirani yangu ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Huja kila mwezi, hukaa na kioo mkononi, na huhesabu misuko kwa sauti mpaka tupite mitatu.