Majivu ya Mama Chini ya Mplamu

Mama alikuwa anaamka kabla yetu sote, anazoa majivu ya jana kutoka kwa jiko, anayatia kwa kopo la mafuta ya kupikia, na anatoka nje kuyamwaga chini ya mti. Ukimsikia anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, ujue ameshamwaga. Mimi nilikuwa nalala nikisikiliza hicho kikohozi na nilikuwa nakasirika, halafu nakasirika tena kwa kuwa nimemkasirikia mama mzazi kwa sababu ya majivu.

Mti wenyewe haukuwa wa kuonyesha wageni. Ulikuwa mplamu wa kunifika kifuani, na majani yake yalikuwa yanageuka manjano.

Lakini nimeanza katikati. Mvua ndefu za 2007 zilipoanza nilikwenda nyumbani, upande wa Molo, na mama akanipa mche aliouunganisha mwenyewe kutoka kwa mplamu wa nyuma ya jikoni. Huo mplamu mkubwa waliupanda yeye na marehemu baba walipopata lile shamba. Sisi watoto tulikula matunda yake mpaka tukaumwa na tumbo, na tukachapwa, na tukala tena. Aliufunga mche kwa gunia lenye unyevu akaniambia, "Chimba shimo la kufika kwa goti, baba. Weka samadi, weka majivu, halafu uwache kuugusa-gusa."

Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Kwetu ni hivyo. Ni heshima, lakini inafanya iwe vigumu kumbishia. Mtu akikuita baba unajiona kama unamgombeza mtoto, na papo hapo wewe ndiwe mtoto.

Nikafanya kama alivyosema. Mimi si mkulima, hilo niliseme wazi. Natunza stoo ya magunia mjini Nakuru na nilisoma mpaka darasa la saba. Shamba langu ni uwanja mdogo nyuma ya nyumba ya kukodisha, na kulima ni kitu ninachofanya Jumamosi badala ya kwenda baa. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, anasema afadhali baa, kwa sababu baa haimalizi maji.

Na maji ndiyo taabu. Mfereji wetu unatoka siku ukipenda. Siku zingine tunatumia ya kisima kirefu cha hapo juu, na hayo ukiyachemsha sufuria inabaki na utando mweupe kama chokaa. Watoto wa mtaa wana meno ya kahawia kwa hayo maji. Udongo nao ni wa kijivu, mwepesi, ukiumwagia maji yanapotea kama umemwaga kwa chujio, na kiangazi unaingia mpaka kwa mikunjo ya shati.

Mwaka huo nilipanda nyanya, zikaoza matako zikiwa bado mbichi. Nilipanda karoti, zikatoka fupi zenye miguu miwili, bibi yangu akazipanga mezani kama watu. Sukuma wiki ikashikwa na wadudu wa kijivu, nikawanyunyizia majivu kama nilivyoona nyumbani. Wadudu wengine walikufa, na sukuma nayo ikakaa kama imechoka. Vitunguu vilifanya vizuri. Niliandika hivyo kwa daftari langu ili nisiseme kila kitu kiliharibika, maana ukisoma daftari la mtu kama mimi unaweza kudhani mvua haikuwahi kunyesha.

Mplamu ulitoa majani, ukayaacha wakati wa baridi ya Julai, ukatoa mengine. Sikuona ubaya. Labda ulikuwepo na mimi sikujua kuuona.

Kisha mwaka ukaisha na uchaguzi, na mambo yakawa vile kila mtu anajua. Januari mama alikuja na lori, amebeba gunia la nguo, sufuria na kuku wawili. Jikoni kwake kulichomwa. Lilikuwa banda la mbao, na mplamu ulikuwa umeliegemea, kwa hivyo viliungua pamoja. Ni nani aliyechoma, mama hakumwona, kwa hivyo na mimi siandiki. Ninachoweza kuandika ni kwamba jirani ambaye lugha yake ya nyumbani si yetu ndiye aliyemfichia hao kuku, akamsindikiza mpaka barabarani, akasimama naye mpaka lori likaja. Mama alilirudia hilo mara nyingi kuliko lile la moto.

Alipofika kwangu hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyuma, akasimama mbele ya mche akaushika shina kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa.

"Ni huu?" akauliza.

"Ni huo, mama."

"Basi ni huu ndio umebaki," akasema, na akauliza majivu tunatupa wapi.

Tangu siku hiyo ule mti haukuwa wangu wa kujaribu-jaribu. Ukifa, umekufa ule wa baba, na umefia mikononi mwangu. Kiangazi hicho sikuwa na usingizi mzuri, na wengine walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kukosa usingizi, najua. Lakini kila mtu na kile kilichoko uani kwake.

Mama akaanza kumwaga. Mvua za Aprili zilipokuja nilitegemea kila kitu kitaamka. Majani mapya yakatoka, tena mengi, na yote yakatoka manjano, isipokuwa mishipa, ambayo ilibaki kijani. Nilipeleka jani moja kwa agroveti mjini, duka la mbegu na dawa za shamba. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa na anaongea Kiswahili haraka kuliko mimi. Nililitoa kwa mfuko wa suruali likiwa limesagika. Akaliangalia, akaniangalia, akaniuzia dawa ya wadudu. Haikusaidia, na sikumlaumu, maana nilimletea unga, si jani.

Kilichonifungua macho ni managu, ile mboga ya majani inayojiotea. Kulikuwa na managu yaliyojiotea pembeni mwa nyumba, mahali bati linapodondosha maji ya mvua. Hakuna aliyeyapanda. Yalikuwa ya kijani iliyokolea, ya kupendeza, hatua chache tu kutoka kwa mti. Na managu mengine yaliyojiotea chini ya mplamu yalikuwa manjano kama mplamu wenyewe. Nikasimama hapo na jembe mpaka bibi yangu akaniuliza kama nimeona nyoka.

Udongo ni mmoja. Tofauti ni kwamba pembeni kunapata maji ya mvua peke yake, na mama hamwagi majivu huko.

Safari hii nilibeba tawi zima ndani ya gazeti. Yule mzee akavaa miwani.

"Hii si mdudu, bosi. Chini unaweka nini?"

"Samadi. Na majivu."

"Majivu mengi?"

"Kila siku."

Akavua miwani. "Kila siku? Hapa udongo iko na magadi yake, maji ya kisima iko na magadi yake, halafu wewe unaongeza majivu. Ni kama mtu ako na presha na unampikia chumvi."

"Nyumbani tunaweka na mti unakubali."

"Nyumbani wapi?"

"Molo."

"Molo udongo ni nyekundu, mvua inaosha kila siku, hiyo inataka majivu. Hii ya hapa haitaki. Ungeniambia majivu ile siku ya kwanza, ningekuambia."

"Ungeniuliza ile siku ya kwanza," nikasema, "ningekuambia."

Akacheka. "Haya, tuko sare," akasema, na hakuniuzia kitu.

Maji nilirekebisha Jumamosi hiyo hiyo. Nilikunja kipande cha bati nikakifunga kwa waya chini ya paa, maji ya mvua yakawa yanateremka mpaka kwenye mti. Majivu ndiyo yalinishinda. Ningemwambia nini? Mtu amepoteza jikoni, amepoteza mti, analala kwa kitanda cha wajukuu, na kazi moja iliyomfuata kutoka nyumbani ni kuzoa majivu asubuhi na kuyapeleka chini ya mplamu. Niende nimwambie hiyo ndiyo inaua?

Basi nikafanya ujanja. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nakwangua majivu kwa mwiko wa fundi, nayatia kwa gunia nyuma ya choo, na juu narudisha udongo kidogo. Asubuhi mama anamwaga, jioni nakwangua. Nilijiona nimepata njia ya kutomuudhi mtu.

Lakini majani hayakubadilika, nami sikuelewa. Halafu nikaanza kuona mawe. Mama alikuwa ameuzungushia mti mawe madogo, safi, kama kitanda cha maua cha ofisi. Jumamosi moja nikiwa nyumbani nikamwona anamwaga kopo, anaingia jikoni, anarudi na kopo la pili.

"Mama, mbona mawili?"

"Kuku wako hawa," akasema. "Nikiweka majivu wanachakura, jioni hakuna kitu. Nimeweka mawe, bado wanachakura. Sasa nachukua ya mama watoto wa hapo nyumba ya pili, naweka mara mbili, ili wakichakura yabaki."

Kuku walikuwa wake, lakini hilo si la maana. Nilikuwa nakwangua, yeye anaongeza, nami nakwangua ya juu tu. Ya chini yalikuwa yameshashuka na mvua. Bati langu lilikuwa linayasukuma mpaka kwenye mizizi.

"Si kuku," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote, ya managu, ya yule mzee wa duka, ya udongo wa huku na wa kwetu. Nilieleza vibaya, narudia-rudia, na kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukwangua. Alinisikiliza akiwa ameshika kopo. Alipoona nimemaliza akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Na umeniacha nihangaike na kuku."

Aliliweka kopo chini akaingia ndani. Siku hiyo alikula, akajibu watoto tu, akalala mapema.

Kesho yake hakukuwa na kikohozi. Nilipoamka nilimkuta amesimama kwenye mlango wa nyuma, kopo limejaa.

"Sasa, baba," akasema, "nimwage wapi?"

 Niliuangalia ule uwanja wote, mahali pa nyanya, mahali pa karoti, na kila mahali udongo ulikuwa ule ule. Mama alikuwa mtu wa kutotupa majivu. Alisugulia sufuria, aliweka kwa mahindi ya mbegu, aliweka kwa shamba. Nikamwambia kwa choo. Akaenda akamwaga kwa choo, akarudi, akaosha kopo vizuri akalifunika.

Nilikuwa nimesema ukweli, na sikufurahi hata kidogo.

Mwezi Juni majani machache ya mwisho, yale ya nchani, yalitoka kijani. Yalikuwa machache kiasi kwamba nilimwita bibi yangu ayaone ili nisije nikawa nimejidanganya. Akasema ni kijani, lakini si kijani ile ya kuitana. Kisha baridi ikaja, mti ukayaacha yote, na tukabaki tunaangalia fimbo.

Agosti mama alisema anarudi kuangalia shamba. Yule jirani wa kuku alikuwa amemtumia habari kwamba uzio umesimama na kuna mtu anaweza kumjengea jikoni kwa mabati. Sikutaka aende. Akasema hajaniuliza kama nataka. Halafu akasema, "Na huu nitaenda nao. Sasa umelala, hautajua umehamishwa."

 Kila kitu nilichopanda kwa huo uwanja kilinitoroka isipokuwa vitunguu, na huo mti nilikuwa nimeupigania mwaka mzima. Nilitaka kumwambia alinipa, kwa hivyo ni wangu. Lakini udongo wangu ulikuwa hautaki, na wa kwake ulikuwa unataka, na hilo nililisema mimi mwenyewe kwa sauti ya juu. Nikachukua jembe.

Nilichimba polepole nikizunguka mbali na shina. Ndani ya shimo majivu yalikuwa yamejipanga kwa mistari, meupe na kijivu, na mengi zaidi yalikuwa upande wa jikoni. Mama alikwaruza gome kwa ukucha. Upande mmoja kijani, upande wa pili kahawia.  Tukafunga mizizi kwa gunia lenye unyevu, kama ule mche ulivyokuja.

Akiwa tayari kuondoka aliingia jikoni akatoka na kopo lake. Lilikuwa limejaa majivu ya jiko langu, limefunikwa na karatasi na kufungwa kamba.

"Huko hakuna jiko bado," akasema. "Nitaanza na haya."

Kwa lile shimo nilipanda nyanya. Zikaoza matako.

Mvua fupi zilipoanza akapiga simu kutoka kwa simu ya jirani. Kwanza aliuliza watoto, halafu maji, halafu kazi. Ndipo akasema mti umetoa macho ya majani mapya, upande mmoja.

"Na ule mwingine?"

"Ule mwingine umekauka. Nimeukata." Kisha akaongeza, "Ule uliokuwa unaangalia jikoni kwako, baba."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananilaumu au alikuwa anaeleza tu mti umekaa vipi. Nilitaka kumuuliza, lakini jirani alikuwa anataka simu yake.